Likizo za wafanyakazi: maswali ambayo waajiri wa Mbeya, Iringa na Njombe huuliza zaidi

Ukurasa huu ni wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mwanjelwa, mwenye gesti Ipogolo, mwenye mashine ya kukoboa mpunga Ubaruku, mwenye kiwanda kidogo cha mbao Mafinga. Kampuni kubwa zina maofisa utumishi na mawakili wao. Wewe una kalamu, simu, na mfanyakazi aliyesimama mlangoni anaomba ruhusa.

Majibu mengi yanatoka kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara. Ugomvi wa likizo mara nyingi hauanzii kwenye roho mbaya ya bosi. Unaanzia kwenye maneno ya mdomo: "nenda tu, tutaongea ukirudi". Miaka 3 baadaye kila mmoja anakumbuka lake, na mwenye karatasi ndiye anayesikilizwa.

Nina wafanyakazi watatu tu. Sheria hii inanihusu?

Ndiyo. Hakuna idadi ya chini. Ukiwa na mfanyakazi mmoja, wewe ni mwajiri. Walioachwa nje ya sheria hii ni wanajeshi wa JWTZ, polisi, magereza na JKT. Duka lako la spea halimo kwenye orodha hiyo.

Hatuna mkataba wa maandishi. Bado anadai likizo?

Anadai, na kukosa mkataba kunakuumiza wewe zaidi kuliko yeye. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi: cheo, mahali, saa, mshahara, likizo. Usipoweza kuyatoa mkafikishana mbele ya msuluhishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti ya kazi unakuangukia wewe. Yeye atasema tulikubaliana hivi, na wewe ndiye utakayetakiwa kuonyesha kwamba haikuwa hivyo.

Ameanza kazi miezi minne iliyopita na tayari anaomba likizo ya malipo. Nimpe?

Hujalazimika. Aliye chini ya miezi 6 kazini hana haki ya likizo zenye malipo zinazozungumzwa hapa. Unaweza kumpa kwa utu wako, au kumpa ruhusa isiyo na malipo, mradi muandikiane. Ila usihesabu kienyeji: kama mwaka huohuo aliwahi kufanya kazi kwako akaondoka akarudi, vipindi hivyo vinajumlishwa. Vikizidi miezi 6 ndani ya mwaka, haki inaanza.

Siku 28 za likizo ya mwaka zinahesabiwaje? Jumapili zimo?

Zimo. Ni siku 28 mfululizo za kalenda, na sikukuu inayoangukia katikati nayo inamezwa humohumo. Akianza likizo tarehe 1 Agosti anarudi kazini tarehe 29, na Nane Nane haimwongezei siku. Mzunguko wake ni miezi 12 tangu alipoanza kazi, au tangu mzunguko uliopita ulipoisha. Kwa hiyo kila mfanyakazi ana tarehe yake, na mwaka wa likizo hauanzi Januari kwa wote kama wengi wanavyodhani.

Siku 28 ni kiwango cha chini. Ukitaka kutoa 30, toa. Kushuka chini yake huwezi, hata kama mfanyakazi mwenyewe amesaini.

Nani anapanga tarehe za likizo, mimi au yeye?

Wewe. Ila una mipaka. Likizo lazima ichukuliwe ndani ya miezi 6 baada ya mzunguko kuisha. Unaweza kuisogeza hadi miezi 12, kwa masharti mawili yanayokwenda pamoja: mfanyakazi awe amekubali, na kuwe na sababu ya kweli ya kikazi.

Huku kwetu ugomvi unakuja Novemba na Desemba. Mvua zinaanza, kila mtu anataka kwenda kupanda mahindi Mbozi, Wanging'ombe au Isimani, na huohuo ndio mwezi ambao duka la pembejeo linauza kuliko miezi yote. Sheria inakuruhusu kusema hapana kwa Desemba. Haikuruhusu kusema hapana kwa Desemba, kisha hapana kwa Februari kwa kuwa mbolea ya kukuzia inauzwa, kisha hapana kwa Mei kwa kuwa mavuno yameanza. Ukimnyima mwezi, mwandikie papohapo mwezi mwingine.

Ushauri wangu, ambao sheria haikulazimishi: Agosti au Septemba kaa na watu wako na kalenda ya mwaka unaofuata, kila mtu aweke mwezi wake. Wanaogombea mwezi mmoja wapokezane, huyu mwaka huu, yule mwaka ujao. Kikao hicho hakimalizi hata saa mbili.

Mfanyakazi mwenyewe anataka kuuza likizo. Anasema ana ada ya mtoto ya kulipa.

Inawezekana, kwa kiasi. Mwajiri anaweza kumruhusu au kumtaka afanye kazi kipindi cha likizo, na hapo anamlipa mshahara wa mwezi mmoja badala ya likizo hiyo, juu ya mshahara wa kazi anayoendelea kuifanya. Kikomo ni kwamba asifanye kazi miaka 2 mfululizo bila kupumzika. Mwaka huu akiuza, mwaka kesho aende nyumbani.

Sipendi biashara hii, nasema wazi. Anayeuza likizo mara nyingi ndiye mwenye mshahara mdogo, na ndiye anayebeba mifuko ya saruji. Mwandikiane, asaini kwa hiari yake, malipo yaonekane kama malipo ya likizo. Ukimpa mkononi bila karatasi, siku mkikorofishana likizo hiyo itadaiwa upya.

Mshahara wa likizo unalipwa lini?

Kabla hajaondoka. Si mwisho wa mwezi, si akirudi. Anatakiwa aende likizo na fedha ambayo angeipata kama angekuwa kazini kipindi hicho. Hapa waajiri wengi wanakosea bila kujua, kwa sababu hesabu za mishahara hufungwa tarehe 28 na likizo imeanza tarehe 10.

Yuko likizo, lakini stoo haifunguki bila yeye. Namwita?

Simu ya dakika mbili kuuliza funguo ziko wapi haijamuua mtu. Kumrudisha kazini ni jambo jingine: likizo imekatika, na siku hizo unadaiwa. Mwandikie kwamba umemwita, tangu lini hadi lini, na utamfidia vipi.

Vibarua wa msimu nao wana likizo?

Hili ndilo swali la ukanda wetu: wachuma chai wa Mufindi na Rungwe, wapakiaji wa viazi Makambako, wapanga mbao Mafinga, vijana wa mashine za mpunga Mbarali. Jibu ni ndiyo, kwa njia mbili.

Ya kwanza ni ya mwajiriwa wa msimu. Sheria inamtaja waziwazi kwamba sharti la miezi 6 halimwondolei haki, na msimu unapoisha unamlipa fedha ya likizo kulingana na siku alizofanya kazi. Ya pili ni ya yule tunayemwita kibarua ingawa yuko hapo mwaka mzima. Unamwita, unamsimamisha wiki mbili, unamwita tena. Jumla ikipita miezi 6 ndani ya mwaka kwa mwajiri yuleyule, ana haki zilezile za likizo ya malipo.

Kumwita "deiwaka" hakubadilishi hesabu. Daftari lenyewe la vibarua, lile kaunta buku lenye majina upande wa kushoto na alama za vema kila siku aliyofika, ndilo litakalokusuta. Jina likionekana ukurasa kwa ukurasa tangu Januari hadi Septemba, hakuna msuluhishi atakayeamini kwamba huyo alikuwa mpita njia.

Ameacha kazi kabla ya kuchukua likizo. Namlipa kiasi gani?

Kanuni ni hii: mshahara wa msingi wa siku 1 kwa kila siku 13 alizofanya kazi, au alizostahili kufanya kazi.

Tuchukue mfano. Mtu analipwa shilingi 400,000 za msingi kwa mwezi na anafanya kazi siku 6 kwa wiki. Ameondoka miezi 8 baada ya mzunguko wake wa mwisho, na daftari linaonyesha siku 208 za kazi. Gawanya 208 kwa 13, unapata siku 16. Mshahara wa siku unapatikana kwa kugawanya 400,000 kwa 4.333 (wastani wa wiki katika mwezi) ili upate wa wiki, kisha kwa 6. Ni kama shilingi 15,386. Zidisha mara 16: takriban 246,000. Hiyo ni fedha ya likizo peke yake. Mshahara wa siku alizofanya, notisi na kiinua mgongo kama anastahili, vina hesabu zao.

Kuna kifungu kinachosema mfanyakazi asiyechukua likizo ndani ya muda uliowekwa hapati malipo hayo. Waajiri wakikisikia wanachangamka. Mimi nisingekushauri ujifiche nyuma yake ikiwa kuna barua zake za maombi na majibu yako ya "subiri kwanza". Kupanga likizo ni kazi uliyopewa wewe.

Analeta ED (karatasi ya daktari ya kupumzika kazi) kila mara. Nivumilie mpaka lini?

Likizo ya ugonjwa ni siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza unalipa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Zingatia mzunguko: ni miaka 3. Aliyeugua wiki tatu mwaka jana hajaanza upya mwaka huu.

Bila cheti cha daktari hulazimiki kulipa. Cheti kiwe cha daktari aliyesajiliwa, au mtoa tiba mwingine unayemkubali, na huna ruhusa ya kumkataa mtoa tiba bila sababu ya maana. Mfanyakazi wa shamba lililo kilomita 40 kutoka barabara ya lami atakuletea karatasi ya zahanati. Kabla hujaitupa, jiulize kama kweli ulitegemea aende Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya kwa ajili ya malaria.

Ukishuku ED ni ya kununua, piga simu kituoni au andika barua kuuliza kama walimwona siku hiyo. Usimkate mshahara kwa kuhisi tu. Na siku za ugonjwa usizitoe kwenye likizo yake ya mwaka: sheria inakataza likizo moja kufidia nyingine.

Aliyeumia kazini, mathalani msumeno umemkata vidole, ana njia nyingine. Toa taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, mapema.

Msichana wa kaunta ni mjamzito. Wajibu wangu ni upi?

Yeye anatakiwa akupe taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Baada ya hapo kazi ni yako.

Anastahili siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Anaweza kuanza wiki 4 kabla ya tarehe ya matarajio, au mapema zaidi daktari akisema afya inadai hivyo. Baada ya kujifungua haruhusiwi kurudi kazini kabla ya wiki 6, isipokuwa daktari amethibitisha kwamba yuko sawa. Hata akikuambia mwenyewe "bosi, mimi niko fiti", wewe ndiye unayevunja sheria ukimpokea.

Haki hiyo ni kwa kila mzunguko wa miezi 36, na wajibu wako wa kulipa ni kwa uzazi wa mara 4. Mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka, mama akashika mimba nyingine na kujifungua ndani ya mzunguko huohuo, anastahili siku 84 nyingine zenye malipo. Usimhesabie mtoto aliyemzika.

Akimaliza anarudi kwenye kazi yake, kwa masharti yaleyale. Ile tabia ya kumkuta binti mwingine ameshaajiriwa kwenye kaunta yake, naye anaambiwa "tutakuita", ni kumwachisha kazi, na ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu. Ukihitaji mtu wa kushika nafasi, mwandikie kwamba anashikilia hadi fulani arudi. Kuwapima mimba wanaoomba kazi nako ni ubaguzi unaokatazwa.

Akijifungua njiti?

Sheria ilirekebishwa mwanzoni mwa 2025. Mama wa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati anaongezewa muda juu ya likizo ya kawaida, kwa kuwa wiki za mwanzo zinaishia wodini. Omba karatasi ya hospitali inayoonyesha umri wa mimba siku ya kujifungua, ndiyo utakayofanyia hesabu.

Amerudi kazini na bado ananyonyesha. Kuna kingine?

Kuna saa 2 kwa siku, ndani ya muda wa kazi, za kumnyonyesha mtoto. Mnaweza kukubaliana atoke saa 2 mapema, au aende mara mbili saa moja moja. Anayekaa Iyunga na kufanya kazi Uyole hawezi kwenda na kurudi mchana, kwa hiyo kutoka mapema ndiko kunakoleta maana.

Zamu ya usiku nayo inahusika, hasa kwa gesti na mahoteli. Mjamzito hafanyi kazi ya usiku miezi 2 kabla ya tarehe ya kujifungua, wala mama ndani ya miezi 2 baada ya kujifungua. Usiku ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Na kwenye mashamba, mjamzito au anayenyonyesha asipewe bomba la kunyunyizia dawa. Mpe kazi nyingine, kwa masharti ambayo si duni kuliko aliyokuwa nayo.

Baba anapata siku ngapi?

Siku 3 zenye malipo, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Ni 3 kwa mzunguko wa miezi 36, hata akipata watoto wawili kwa wake wawili ndani ya muda huo.

Misiba. Kila mwezi kuna mtu ana msiba. Nifanyeje?

Hapa sheria na mila zetu haziendi hatua moja, na mwajiri anabaki katikati.

Sheria inatoa siku 4 zenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wa mfanyakazi, na kwa kifo cha mwenzi wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Siku hizo 4 ni jumla kwa miezi 36 yote, si kwa kila msiba. Akifiwa na baba mwaka huu na dada mwaka ujao, msiba wa pili huenda hauna siku ya malipo iliyobaki. Shangazi, mjomba, mama mkwe, baba mdogo hawakutajwa. Na mzazi anayeumwa naye hakutajwa. Aliyetajwa kwa ugonjwa ni mtoto tu.

Sasa mwambie Mnyakyusa kwamba baba mdogo wake si baba. Au mwambie mtu wa Ludewa kwamba siku 4 zinamtosha kusafiri kutoka Mbeya, kuzika, kukaa matanga na kurudi, wakati wa mvua.

Sheria imeacha mlango. Unaweza kumwongezea siku bila malipo. Pia akiomba mwenyewe ruhusa ya malipo, unaweza kumpa na siku hizo zikapunguzwa kwenye likizo yake ya mwaka. Neno la kushika hapo ni "akiomba mwenyewe": fomu iandikwe na yeye, isiwe wewe uliyemkata kimyakimya. Zile 4 za kisheria usiziguse kabisa kwenye hesabu hiyo.

Unaruhusiwa kudai uthibitisho wa kuridhisha kabla ya kulipa. Kibali cha mazishi, au barua ya mtendaji wa kijiji, inatosha. Mdai akirudi, si siku anayopokea simu ya msiba akiwa amesimama mbele yako.

Waajiri ninaowaona hawana kelele za misiba wamejiwekea utaratibu wa maandishi: msiba wa ndugu asiyetajwa na sheria ni siku 2 bila malipo au kwa likizo ya mwaka, mwenyewe anachagua. Watu wanaujua kabla hawajafiwa.

Naweza kumpa notisi ya kumwachisha kazi akiwa likizo?

Hapana. Notisi haitolewi mtu akiwa kwenye likizo yoyote ya sheria hii, wala haitembei sambamba na likizo. Ile ya "chukua likizo yako ya siku 28, ndiyo notisi yako" haikubaliki.

Nitunze karatasi gani?

Maelezo ya ajira, fomu za maombi ya likizo na majibu yako, vyeti vya daktari, uthibitisho wa malipo, na daftari la likizo. Daftari halihitaji kompyuta. Kila mfanyakazi apate ukurasa wake: juu tarehe aliyoanza kazi, chini mistari yenye aina ya likizo, siku aliyotoka, siku aliyorudi, siku zilizobaki, na sahihi yake. Sahihi ndiyo roho ya ukurasa huo. Vitunze hata baada ya mtu kuondoka, kwa miaka 5. Pia bandika ukutani, mahali panapoonekana, tangazo la haki za wafanyakazi. Hilo nalo ni wajibu.

Akienda kushtaki, kinatokea nini?

Anaweza kuanzia kwa Afisa Kazi, ambaye ana mamlaka ya kuingia kazini kwako, kuomba hayo makabrasha na kukupa amri ya kutekeleza. Au anakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na kujaza fomu. Madai ya kuachishwa kazi yapelekwe ndani ya siku 30, madai mengine kama ya likizo ndani ya siku 60.

Hatua ya kwanza ni usuluhishi, na hapo ndipo pa kumalizia. Nenda mwenyewe au mtume mtu mwenye mamlaka ya kukubali malipo. Nenda na daftari. Ukiona hesabu inaonyesha unadaiwa siku 16, lipa siku 16. Usipotokea, shauri litaendelea bila wewe. Likishindikana linakwenda kwenye uamuzi, na baada ya hapo Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, ambako nauli na wakili vitakula zaidi ya likizo yenyewe.

Na dada wa kazi nyumbani?

Ni mfanyakazi. Siku 28, na siku za ugonjwa, na uzazi. Kumpa nauli ya kwenda Makete Krismasi na kumtaka awe amerudi tarehe 27 ni ruhusa ya siku chache. Likizo yake ya mwaka bado iko palepale.